Mtawanyiko wa Chura wa Vuagha

1

Chura mwenyewe hakuzidi kidole gumba cha mtu mzima, na kabla Dokta Leokadia Kapinga hajafika Vuagha hakuna aliyekuwa na shida naye. Vitabu vilimhesabu pamoja na vyura wengine wenye pembe waliotapakaa katika milima mitatu ya kaskazini, spishi moja yenye wingi wa kutosha, isiyohitaji kuhurumiwa. Watoto wa Vuagha walimkamata, wakamshangaa, wakamwachia. Wakubwa walimwacha alale juu ya majani ya magimbi kwa sababu alikula wadudu wanaoyatoboa.

Leokadia alikuja na kinusi. Kilikuwa chombo chenye umbo la chupa ya chai, chepesi, chenye mdomo wa mpira. Ukiutumbukiza mdomo ule majini, kinakusanya chembe za ngozi, mate na kinyesi za kila kiumbe aliyepita pale ndani ya siku tano, kinasoma vinasaba vyao, kisha kinakutajia majina mmoja mmoja kwa sauti ya upole. Wakati huohuo kinayatuma majina hayo, pamoja na mahali yalipopatikana, hadi kwenye Daftari la Viumbe makao makuu. Yakishafika huko hayafutiki. Hata aliyekishika kinusi hawezi kuyarudisha.

Katika ndiva ya juu, bwawa dogo la mawe na udongo ambalo watu wa Vuagha walikingia maji ya chemchemi, kinusi kilisita. Leokadia hakuwahi kukisikia kikisita.

"Chura wa pembe," kilisema. "Yu karibu na spishi ya kaskazini. Si yeye."

Alikaa Vuagha misimu miwili ya mvua. Alipima miguu, ngozi na masikio. Wa kaskazini alikuwa na pembe moja laini juu ya kila jicho. Wa Vuagha pembe yake ilipasuka nchani, kama kunde inayochipua. Wa kaskazini aliimba usiku. Wa Vuagha aliimba asubuhi, jua likishapanda, wakati watu wanakwenda shamba. Jike lilitaga mayai kama mkufu mrefu mweusi, na lilichagua maji yanayotembea polepole. Yaliyotuama liliyakataa, na yanayokimbia vilevile. Mwisho wa msimu wa pili hakukuwa na shaka tena. Huyu alikuwa spishi yake mwenyewe, na Leokadia ndiye angempa jina.

Kulikuwa na jambo moja. Leokadia alilisikia jikoni kwa Mama Senzia, msimamizi wa ndiva, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na maneno machache, ambaye alimpangisha chumba. Siku hiyo alikuwa amekunjua ramani yake mezani. Ilikuwa na nukta nyekundu mia tatu na kumi na mbili, kila moja ikiwa mahali ambapo kinusi kilimtaja chura. Zote zilikuwa ndani ya bonde moja. Nje ya Vuagha hapakuwa na hata moja, duniani kote.

Mama Senzia alifuta mikono kwenye kanga, akainama kuitazama.

"Dokta, mbona umechora mifereji yetu?"

"Sijachora mifereji, Mama. Hao ni vyura."

"Huu ni mfereji wa kanisani." Kidole chake kilifuata nukta bila kuzigusa. "Huu wa kwa akina Mrindoko, unakata hapa, unashuka. Hii ndiva ya juu, hii ya chini. Hapa katikati hamna nukta kwa sababu hapa hatukuchimba."

Leokadia aliitazama ramani yake upya. Ilikuwa kweli.

"Hayo maji hayatembei yenyewe," Mama Senzia aliendelea. "Kila Jumanne tunaingia na majembe, anayekosa analipa faini ya kuku. Tukilala wiki tatu, tope linaziba, maji yanakimbilia korongoni, na huyo rafiki yako humwoni. Muulize yeyote."

Usiku ule Leokadia aliandika aya moja mwishoni mwa taarifa yake. Alisema kuwa huenda mtawanyiko wa chura unategemea kazi ya watu, na kwamba jambo hilo lichunguzwe kabla hatua yoyote haijachukuliwa.

Mkurugenzi wa Daftari, Mzee Rwegasira, alimpigia simu baada ya siku sita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemfundisha Leokadia chuoni na kumsimamia kama binti yake.

"Nimeisoma. Kazi safi sana. Hii aya ya mwisho una takwimu zake?"

"Sina, Mzee. Nina maneno ya watu na umbo la ramani."

"Basi ni hisia. Ukiiacha, wataalamu watairudisha taarifa yote, utasubiri miaka miwili. Na mwenzako wa chuo kile kingine yuko mlima wa jirani na kinusi kama chako. Unataka jina la huyu chura liandikwe na nani?"

Leokadia alijua Sheria ya Makazi inasema nini. Kila mtoto wa shule aliijua. Misitu ilipokaribia kwisha, nchi iliamua kuwa kiumbe mwenye makazi mamoja tu duniani apewe hatimiliki ya makazi hayo, sawasawa na mtu. Binadamu anayekutwa ndani anahesabiwa mvamizi, hata kama kaburi la babu wa babu yake liko hapo. Anapewa siku tisini. Alijua, na alijiambia kuwa kuhamisha watu ni kazi ya wengine. Yake ilikuwa kusema huyu ni nani na anaishi wapi.

Aliifuta ile aya.

Kaya mia mbili na kumi na nne ziliondoka Vuagha mwezi wa Agosti, kabla ya vuli.

2

Alirudi baada ya miaka minne. Sheria ilidai sensa, na aliyeandika jina la kiumbe ndiye aliyepaswa kumhesabu.

Aliingia bondeni peke yake kwa kibali cha siku kumi. Nyumba zilikuwa zimevunjwa vizuri, mabati na matofali yakaondolewa ili chura asisumbuliwe na kutu. Migomba ilikuwa imekufa. Mahali penye magimbi paliota magugu makavu yaliyomfikia kiunoni, na kila alipoyasukuma yalimwachia mbegu zenye miiba kwenye suruali.

Ndiva ya juu ilikuwa imebomoka upande mmoja. Jiwe moja tu lilikuwa limesogea, pengine mvua ya mwaka wa kwanza ilipozidi, na hakukuwa na mtu wa kulirudisha. Maji yote ya chemchemi yalipitia pengo lile na kutumbukia korongoni kwa kelele. Mfereji wa kanisani ulikuwa ufa mrefu wa udongo uliokauka. Leokadia aliutembea wote hadi mwisho.

Alikitumbukiza kinusi katika kila tone la maji alilolipata. Chini ya korongo kilitaja ndege, kaa wa mtoni, nyani, panya. Siku ya tano kilitaja chui, na wakati mwingine wowote angefurahi. Chura hakikumtaja. Alipanda tena na kurudia sehemu zilezile asubuhi, saa ya kuimba, akakaa kimya juu ya jiwe hadi jua likamchoma shingo.

Siku ya tisa aliacha kutafuta. Aliketi kwenye pengo la ndiva, miguu yake ikining'inia juu ya maji yanayokimbia, akaliangalia lile jiwe lililosogea. Lilikuwa jiwe la kubebwa na watu wawili.

Alijaribu kulisukuma peke yake. Lilicheza kidogo, likarudi lilipokuwa. Akalia kwa hasira, kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe, kisha akanawa uso na kufunga mizigo.

Mwongozo wa sensa ulikuwa wazi. Miaka minne bila kusomwa mahali popote, kiumbe anaandikwa Ametoweka, hatimiliki yake inakufa, na ardhi inarudi mikononi mwa serikali kugawiwa upya. Fomu ilikuwa na sehemu ya sababu. Kabla ya kuijaza, Leokadia alitaka kumwona Mama Senzia. Hakujua atamwambia nini. Labda alitaka tu kutukanwa na mtu mwenye haki ya kumtukana.

3

Watu wa Vuagha walipelekwa upande wa magharibi wa milima, mahali palipoitwa kwenye karatasi Makazi Mapya Namba Nne. Wenyewe walipaita Nne.

Leokadia alifika asubuhi, saa mbili na nusu. Alitarajia kuona mabanda na vumbi. Aliona kijani. Walikuwa wamepata kijito chembamba juu ya kilima, wakakikinga kwa mawe, wakachimba mfereji unaozunguka mteremko kwa mbali ili maji yasiwe na haraka. Chini yake magimbi yalikuwa yamesimama, majani mapana yakitiririsha umande.

Mama Senzia alikuwa mferejini, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, jembe mkononi. Ilikuwa Jumanne. Alimtambua mgeni wake, akaendelea kuzoa tope mara tatu nne kabla ya kunyoosha mgongo.

"Shikamoo, Mama Senzia."

"Marahaba, Dokta. Umekonda."

"Nimetoka Vuagha."

"Pakoje?"

Leokadia alifungua mdomo kumjibu. Ndipo alipoisikia. Ilitoka kwenye magimbi, sauti kavu ya mkwaruzo, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Ikanyamaza. Mwingine akaijibu kutoka ng'ambo ya mfereji, na mwingine chini zaidi.

Alishuka ndani ya magimbi na viatu vyake, akapiga magoti kwenye tope, akainua majani moja moja. Chini ya jani la saba alikuwepo, amejibandika kwenye shina, tumbo likipanda na kushuka. Pembe zake zilipasuka nchani. Leokadia alimweka kwenye kiganja, akamsogeza karibu na macho.

Mama Senzia alikuwa amesimama nyuma yake.

"Walikuja na magimbi," alisema. "Tulipoondoka tuling'oa mbegu pamoja na tope lake, tukazifunga kwenye majani ya migomba. Mbegu ya magimbi ukiiosha inakasirika, haioti. Mwaka wa kwanza hatukusikia kitu. Mwaka wa pili mwanangu Senzia aliniamsha, 'Mama, sikiliza.' Siku ile niliona Nne pamekuwa kwetu."

Leokadia alimrudisha chura shinani. Begi lilikuwa begani mwake, na ndani ya begi kinusi. Ghafla aliuhisi uzito wake.

"Kuna mtu wa Daftari amewahi kuja hapa?"

"Aje kufanya nini? Tuliambiwa hapa hamna kitu cha thamani. Ndiyo maana tukaletwa."

4

Walikaa kwenye ukingo wa mfereji. Mama Senzia alimletea uji, akasubiri aunywe hadi nusu kabla ya kumruhusu aongee. Leokadia alimweleza yote, na hakujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Alimweleza kuhusu aya aliyoifuta. Mama Senzia aliisikiliza habari ya aya hiyo bila kubadilika uso, ila aliuweka chini ujiti aliokuwa akiuvunjavunja.

"Kwa hiyo uliiandika, halafu ukaifuta."

"Ndiyo."

"Afadhali usingeiandika kabisa. Ningesema hukunielewa."

Leokadia aliuweka uji pembeni.

Kisha alimweleza lililobaki, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Akitumbukiza kinusi kwenye mfereji huu hata mara moja, Daftari litajua. Nne ndiyo itakuwa makazi pekee ya chura duniani. Siku tisini zitaanza kuhesabiwa jioni hiyohiyo, na watu watahamishwa mara ya pili.

"Tena?" Mama Senzia alisema kwa sauti ndogo.

"Lakini kuna upande mwingine, Mama. Sheria ina kifungu cha pingamizi. Jamii inaweza kupinga kuhamishwa ikionyesha mfano hai mmoja tu wa kiumbe anayeishi kwa sababu ya watu. Toka sheria itungwe hakuna aliyewahi kuuleta. Kila wanapokwenda kupinga wanaambiwa, leteni mfano. Huu hapa ndio mfano. Vuagha bila watu amekufa, Nne pamoja na watu yu hai. Tunao ushahidi wa pande zote mbili."

"Na kesi ikisikilizwa, sisi tunakuwa wapi?"

"Mnakuwa mmeshaondoka. Pingamizi husikilizwa baada ya siku tisini, na kesi yaweza kuchukua mwaka, pengine miwili."

"Mifereji?"

"Itaziba."

"Na yeye?"

"Labda nitaweza kuokoa wachache kwenye matangi. Labda sitaweza. Lakini mkishinda, sheria itabadilika. Kuna vijiji kumi na moja kwenye orodha ya kuhamishwa, Mama. Vingine ni kama Vuagha hasa. Wasipopata mfano, wataondoka wote, na viumbe wao pengine watakufa nyuma yao."

Mama Senzia aligeuza macho. Mferejini wenzake walikuwa wanamalizia kazi, wakitaniana kwa Kipare, mmoja akimtupia mwenziwe tope.

"Nikisema neno hapa," Leokadia aliendelea, "ninyi mnaumia. Nikinyamaza, wale wengine wanaumia. Niambie nifanye nini. Nitafanya utakalosema."

Hapo Mama Senzia akakasirika. Hakupaza sauti.

"Mara ya kwanza hukuniuliza. Ulikaa jikoni kwangu misimu miwili, ukala ugali wangu, na hukuniuliza. Leo limekuwa zito ndiyo unaniuliza, ili kesho likikuuma useme, Mama Senzia ndiye alisema. Mimi nina watu mia sita hapa. Nikisema tuondoke, watanilaani. Nikisema nyamaza, watu nisiowajua watanilaani. Hapana, mwanangu. Mimi kazi yangu ni maji. Hiyo nyingine ni ya kwako, uibebe."

Alisimama, akachukua jembe lake, akarudi mferejini.

Leokadia alibaki pale hadi jua lilipokuwa utosini. Alikitoa kinusi begini. Alikishika juu ya maji, mdomo wake wa mpira ukiwa umbali wa kidole tu na mkondo. Aliwafikiria watu wa vile vijiji kumi na moja na akajaribu kuziona sura zao, lakini hakumfahamu hata mmoja wao. Watu wa Nne aliwafahamu. Aliwajua kwa majina. Yule aliyetupa tope alikuwa Mrindoko; siku ya kuhama alikuwa amekaa juu ya lori akiwa amekumbatia mlango wa nyumba yake, mlango wa mvule aliokataa kuuacha, na Leokadia alikuwa amesimama barabarani akitia tiki kwenye orodha.

Hakuweza kuvumilia kumwona mtu huyo juu ya lori tena. Hilo tu. Baadaye, alipojaribu kujieleza nafsini mwake, alitafuta sababu nyingine iliyokuwa kubwa zaidi na hakuipata.

Alikirudisha kinusi begini bila kukilowesha. Aliaga. Mama Senzia alimpa magimbi manne yaliyochemshwa, yamefungwa kwenye gazeti, ya kula njiani.

5

Katika fomu, kwenye sehemu ya hali, aliandika Ametoweka. Kwenye sehemu ya mtawanyiko akaandika Hakuna. Sehemu ya sababu ilimchukua siku mbili. Akiandika kuwa mifereji ilikufa kwa kukosa watu, Mzee Rwegasira angeuliza kama kuna mahali watu wale wana mifereji sasa, na mtu angetumwa Nne na kinusi. Kwa hiyo aliandika: haijulikani, huenda ni ukame.

Mzee Rwegasira alimwita ofisini kumpa pole. Alikuwa ameagiza chai.

"Usijilaumu. Tulimpa kila kitu, hati, eneo, ulinzi. Kuna viumbe hawaokoki."

"Ndiyo, Mzee."

"Sensa yako imekuwa ngumu. Pumzika mwezi mmoja."

Daftari lilitoa tangazo lenye picha aliyoipiga Leokadia mwenyewe miaka sita kabla, chura juu ya jani, pembe zake zikionekana vizuri. Watu wengi waliisambaza picha hiyo na kuandika maneno ya huzuni. Bonde la Vuagha lilitangazwa kuwa wazi, na kabla ya mwaka kwisha likapewa kampuni ya kuzalisha umeme wa maji, ambayo ilihitaji korongo na haikuhitaji mtu wa kuishi pale. Wazee wa Nne walikuwa wameandika barua ya kuomba warudi. Walijibiwa kwamba hati ya mwenyewe ilishakufa na wao hawakuwa warithi wake.

Leokadia hakwenda tena Nne. Aliogopa kufuatwa. Aliogopa pia kusikia kwamba asubuhi kumekuwa kimya, kwa sababu asingeweza kumwambia mtu yeyote alinde kitu ambacho yeye ameandika hakipo.

Mwaka wa pili baada ya sensa, mwanamke mmoja alimjia ofisini kwake chuoni. Alikuwa amesafiri siku nzima kutoka milima ya Uluguru, kitenge chake kikiwa na mikunjo ya safari. Alijitambulisha kwa jina la Mwalimu Tabu Kobelo, wa shule ya msingi ya kijiji kiitwacho Lukwama. Kijiji chake kilikuwa cha tatu kwenye orodha. Alikuwa na barua ya siku tisini, na zilikuwa zimebaki ishirini na mbili.

"Ni konokono, Dokta," alisema. "Mdogo, gamba la kijani. Anaishi kwenye kuta za matuta yetu. Sisi ndio tunaozijenga kila mwaka baada ya mvua, jiwe kwa jiwe. Tukiondoka zitaanguka. Nimewaambia, wakasema niende na mfano. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, mfano nitautoa wapi? Nikasoma jina lako kwenye habari za yule chura. Nikasema, huyu ndiye aliyepoteza, huyu atajua."

Leokadia alimwomba akae. Alimmiminia maji. Mwalimu Tabu alitoa kijitabu cha mazoezi na kalamu, akakifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

"Nina swali moja tu, nisikuchoshe. Kuna mahali popote, hata mahali pamoja tu, ambapo imeonekana kwamba kiumbe yu hai kwa sababu watu wapo?"

Dirishani wanafunzi walikuwa wanapita kwenda chakula cha mchana. Leokadia aliwafikiria watu mia sita wa Nne na Jumanne zao. Halafu akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake. Alikuwa na kovu dogo kidevuni, na kucha za mtu anayeshika mawe. Sasa alimwona. Miaka miwili alikuwa amewaweka watu hawa mahali pasipo na sura, na mmoja wao alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameshika kalamu, anangoja.

Alijua kuwa akisema neno moja, kalamu ile itaandika Nne, na kabla ya wiki kwisha kinusi kitakuwa ndani ya mfereji wa Mama Senzia.

"Hakuna, Mwalimu," alisema. "Sijaona."

Mwalimu Tabu aliandika. Leokadia aliona kalamu ikiliandika neno lile, hakuna, na chini yake jina lake mwenyewe, pamoja na cheo chake.

"Basi tutafunga mizigo," Mwalimu Tabu alisema. Alikifunga kijitabu taratibu. "Nashukuru sana, Dokta. Wengine hawakukubali hata kunipokea."

Hakutaka chakula, basi lake lilikuwa linaondoka saa nane. Leokadia alimchukulia mfuko wake na kumsindikiza kwa miguu hadi kituoni, mwendo wa nusu saa juani. Njia nzima mwalimu yule alimshukuru.